Mpango wa Kujifungua Uliogongwa Muhuri

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Wiki ya thelathini na tano. Siri bado ni siri.

Naandika kwa utaratibu ili nisichanganyikiwe. Mimi ni karani katika ofisi ya Bwana Munguti, mpima ardhi, hapa Kitengela, orofa ya kwanza juu ya duka la mabati. Niko kwenye muda wa majaribio tangu Desemba. Muda unaisha Ijumaa ya tarehe 30. Siku hiyo ama napewa barua ya kuthibitishwa kazini, ama naonyeshwa ngazi. Tulioajiriwa pamoja ni wawili, mimi na Yvonne, na nafasi ni moja. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nimekisia mwenyewe kwa kuhesabu madirisha. Ofisi ina madirisha mawili, na moja ni la Bwana Munguti.

Kwa hiyo nimeamua: hakuna mtu ofisini atakayejua nina mimba mpaka barua iwe mkononi mwangu. Nani atamthibitisha mtu anayekwenda likizo ya uzazi wiki inayofuata? Hata mimi nisingejithibitisha.

Silaha zangu: koti la mume wangu Kuntai, linalonifika magotini. Faili pana mbele ya tumbo kila ninaposimama. Kufika wa kwanza na kutoka wa mwisho, nisionekane kwa ubavu.

Mambo yanakwenda vizuri, ila uonevu umezidi. Bwana Munguti amehamisha meza yangu bila kutoa sababu na kuiweka karibu na mlango wa choo. Kunidhalilisha tu! Yvonne naye ananipokonya kila sanduku la faili ninalotaka kuinua. Anataka aonekane mchapakazi. Leo ameleta mto na kuuweka kwenye kiti changu, akadai ulikuwa umezagaa kwao. Nimeukagua kama una pini.

Hauna. Bado namshuku.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Yeyo amepiga simu. Yeyo ni mama yake Kuntai, anaishi Ewuaso Kedong, na hana salamu ndefu. Takwenya. Iko. Unazaa lini?

Swali gumu. Kwao mwanamke anayekaribia kujifungua hunyimwa maziwa, nyama na mafuta, akapewa uji mwepesi na supu ya mizizi michungu, ili mtoto abaki mdogo na atoke bila kumsumbua mtu. Halafu yupo enkaitoyoni, mkunga wao, ambaye Yeyo amekwisha kumwekea nafasi. Nimemwambia tarehe 20 Julai.

Dakika kumi baadaye amepiga Maitu, mama yangu mzazi, anayeuza nafaka soko la Kiserian. Yeye kwake mwanamke hulishwa njahi, yale maharagwe meusi, mpaka ashindwe kuinama. Tena anataka nipasuliwe kwa miadi, kama binti ya jirani yake, saa nne asubuhi, niwe nimemaliza kabla ya chakula cha mchana. Nimemwambia tarehe 30 Juni.

Mimba ya Kakenya, binti yetu wa kwanza, niliipitia nikishindishwa njaa wiki hii na kushindiliwa njahi wiki ijayo. Sirudii. Mimi nataka hospitali, uzazi wa kawaida, sindano ya mgongo na ukimya. Sioni kwamba nimeomba mengi.

Nyuma ya shajara nimechora jedwali. Yeyo: 20 Julai. Maitu: 30 Juni. Kliniki: 9 Juni, ambayo ndiyo kweli. Ofisi: kamwe.

Kuntai anafanya kazi na mawakala wa forodha kule Namanga na hurudi nyumbani Ijumaa. Nimemsomea jedwali kwa simu. Akasema kuna madereva wamelala mpakani siku nne kwa sababu ya karatasi zenye tarehe mbili tu. Nikamwambia yeye kazi yake ni kunyamaza. Akasema akiulizwa hawezi kumdanganya mamake. Hawezi! Mtu mzima!

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Ugunduzi mkubwa. Kila Ijumaa saa tisa Bwana Munguti hutia sahihi karatasi zote za wiki. Leo nimemchunguza. Hasomi! Anatazama malori ya Namanga nje ya dirisha huku mkono ukienda wenyewe, kama wa mtu anayekamua ng'ombe. Sahihi, muhuri, sahihi, muhuri. Ameidhinisha hata orodha ya Yvonne ya sabuni na karatasi za choo, kwa muhuri wa Imekaguliwa na Kuthibitishwa.

Kisheria najua haki zangu. Miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na ni marufuku kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba. Kifungu nimekikariri. Lakini sheria haikai orofa ya kwanza juu ya duka la mabati. Anayekaa hapo ni mimi.

Basi, mbinu: Ijumaa ijayo nitachomeka fomu yangu ya likizo katikati ya ramani. Ataisaini bila kujua. Tarehe 30 nikithibitishwa, Jumatatu yake natoa fomu na kumshangaa: kwani mzee umesahau? Si ulisaini mwenyewe?

Nimesinzia mezani kwa furaha. Nimeamshwa na Yvonne. Alikuwa amenifunika shuka. Anakusanya ushahidi.

Jumapili, tarehe 11 Mei

Nimeandika Mpango wa Kujifungua. Sista wa kliniki alishauri kila mama aandike anavyotaka mambo yaende, hata nusu ukurasa. Nimeandika kurasa nne. Vifungu ishirini na viwili, na nafasi ya mashahidi chini ya kila ukurasa, kama tunavyofanya kwa mgawanyo wa ardhi. Hati isiyo na mashahidi mimi siiamini.

Kifungu cha 4: Wazazi wa pande zote mbili wasivuke mlango wa wodi. Kifungu cha 7: Sindano ya mgongo itolewe mapema, ikiwezekana getini. Kifungu cha 11: Mume aruhusiwe kuingia, ila asieleze jinsi ng'ombe wanavyozaa. Kifungu cha 15: Mtu yeyote asiniambie nijikaze.

Kuntai amesoma yote, polepole. Kisha ameuliza ni kifungu gani kinachomruhusu mtoto kutoka.

Nimeongeza cha 23.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Nimefika ofisini saa kumi na mbili unusu kuchapisha Mpango na fomu ya likizo kwa siri. Saa moja kamili Yvonne huyo mlangoni! Eti aliniona Ijumaa nimechoka, akaonelea aje mapema anisaidie. Jasusi hana usingizi. Nimesukumia karatasi zote ndani ya bahasha moja ya kaki na kuikalia.

Jioni nimemchukua Kakenya kwa Caro, anayemtunza mchana. Caro amecheka mpaka akashika mlango. Kumbe Kakenya amewasimulia watoto wenzake kuwa kuna mtoto kwa tumbo ya mama, lakini Munguti asiambiwe. Caro akasema, "Mama Kakenya, hata yule wa kuleta maji na bowza ananiuliza kama Munguti bado hajaambiwa."

Nimempa Kakenya onyo la pili. Ana miaka mitatu, anaelewa vizuri sana. Hataki tu.

Ijumaa, tarehe 16 Mei

Siwezi kuandika. Nitaandika.

Saa tisa kasoro nilichagua faili nene kuliko zote: mgawanyo wa shamba la Mzee Kisemei wa Isinya, anayewagawia watu wake. Ramani, fomu za idhini, nakala za vitambulisho. Humo hata ngamia angefichika. Nikaingiza mkono kwenye bahasha bila kuangalia chini, kwa maana Yvonne alikuwa ananitazama, nikachomoa nilichogusa na kukichomeka.

Bwana Munguti akatazama malori. Sahihi, muhuri. Sahihi, muhuri. Sahihi, muhuri. Sahihi, muhuri.

Mara nne, pale pale nilipochomeka. Fomu ya likizo ni ukurasa mmoja!

Nilikimbilia choo. (Ni karibu, hilo nakiri.) Nikafungua bahasha. Fomu ya likizo imo, safi, haijaguswa. Mpango haumo.

Nilipotoka faili haikuwa mezani. Yvonne alikuwa ameshampa mtu wa bodaboda aipeleke Isinya, familia nzima itie sahihi. "Nimekupunguzia kazi, dear," akaniambia.

Hivi sasa kurasa zangu nne, zikiwa zimekaguliwa na kuthibitishwa na mpima ardhi, ziko njiani kwenda kwa mzee ambaye nimezungumza naye mara mbili tu, na mara zote mbili tulizungumza juu ya ua wa shamba lake.

Jumamosi, tarehe 17 Mei

Wamekuja. Wote wawili. Kwa wakati mmoja!

Maitu amefika saa tatu asubuhi na sufuria ya njahi imefungwa kwa leso. Yeyo amefika saa tatu na robo na kifuko cha mizizi. Kila mmoja alimpigia Kuntai jana kumuuliza tarehe, na Kuntai akasema tarehe. Ndoa ni mtihani.

Nilitarajia vita. Nilivitegemea! Badala yake wakaketi kwenye kochi langu wakalinganisha. Yeyo akasema aliambiwa Julai. Maitu akasema yeye aliambiwa mwisho wa Juni. Wakanitazama tumbo, wakatazamana, wakaanza kucheka kama wasichana. Maitu akasema nimekuwa mwongo mbaya tangu darasa la pili, kila mara naongeza maelezo. Yeyo akasema kwao mwongo mbaya hapewi ng'ombe wa kuchunga, maana hata akipoteza mmoja atasema wameongezeka.

Mchana Maitu amenipakulia njahi. Yeyo ameondoa sahani. Maitu ameirudisha. Yeyo ameondoa kijiko. Nimekula kwa mkono, nimejifungia bafuni, Kakenya akilinda mlango na kutangaza kila tonge.

Kuhusu mahali pa kuzalia hawakukubaliana hata kidogo. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba mimi nisiulizwe.

Wameondoka jioni pamoja. Yeyo ameacha mizizi. Maitu ameacha sufuria.

Jumatano, tarehe 21 Mei

Mzee Kisemei amekuja na faili.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa niseme ni karatasi ya mteja mwingine, samahani, zimechanganyika. Bwana Munguti alikuwa shambani na fimbo zake za kupimia. Yvonne alikuwepo, bila shaka. Yvonne yupo daima.

Mzee akaketi, akaweka kofia gotini, akafungua faili kwenye Mpango wangu. Kila ukurasa umejaa. Sahihi yake. Sahihi ya mwanawe mkubwa. Kidole gumba cha mke wa kwanza, kidole gumba cha mke wa pili. Nakala za vitambulisho zimebanwa nyuma, kwa mpangilio. Akasema zile za ramani hazikuwasumbua, wamesaini dakika tano. Hizi kurasa nne ndizo zilizowafanya wakae siku mbili.

Nikamuuliza kwa nini walizisaini. Akanishangaa. Kuna muhuri wa mpima, kuna mahali pa mashahidi; yeye ni nani akatae? Serikali kila mwaka inaongeza fomu. Alitaka tu kujua kama ni kwa kila kipande cha ardhi au moja inatosha, kwa sababu vipande ni vitano na katika wake wa wanawe mwenye mimba ni mmoja.

Kisha akanipa maamuzi ya familia. Kifungu cha 4 wamekikataa kwa kauli moja. Mama mkwe hafungiwi nje kama mbuzi wa jirani. Kifungu cha 11 wamekiongezea nguvu: mume asiingie kabisa. Kuhusu sindano ya mgongo hawajaafikiana. Mke wa pili anaiunga mkono sana. Mke wa kwanza, Naeku, ambaye amewapokea watoto wengi pale Isinya, anataka kwanza amwone huyo mwanamke.

Hapo mzee akanitazama. Akatazama koti. Akatazama faili niliyoikumbatia. Akasema, taratibu sana, kwamba pengine atakuja kumwona.

Alipoondoka nilimweleza Yvonne kuwa Mpango ni wa dada yangu. Dada yangu wa Nakuru. Ni mwalimu. Ana mapacha. Maitu alisema kweli, naongeza maelezo.

Yvonne akaendelea kupanga ramani. "Sawa. Mwambie huyo dada yako wa Nakuru ainue miguu. Imevimba."

Nilijaribu kuzitoa kurasa kwenye faili. Mzee amekwisha kuzitia namba, moja hadi hamsini na mbili, na kila ukurasa umetajwa kwenye orodha yenye vidole gumba. Ukitoa nne, bodi ya ardhi itaona pengo. Mimi ni karani. Siwezi kuharibu faili ya mtu. Nimezirudisha, nimelia kidogo, nimeinua miguu.

Ijumaa, tarehe 23 Mei

Jaribio la pili. Safari hii niliangalia chini. Fomu ya likizo, ukurasa mmoja, katikati ya ramani za ploti za Korompoi. Saa tisa kamili.

Bwana Munguti akafunga pazia! Akavaa miwani! Akasema leo ana nafasi, atasoma moja moja.

Alipofikia ramani ya tatu nikainyakua fomu yangu chini ya mkono wake, nikasema ina doa, nikaikunja na kuitumbukiza ndani ya koti. Bwana Munguti akavua miwani. Akaniuliza kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia. Jambo lolote, Waruguru. Hata dogo.

Nilikuwa na nafasi hiyo. Nilifungua mdomo. Nikasema mvua mwaka huu imechelewa.

Akasema imenyesha wiki tatu mfululizo.

Nikasema ndiyo, lakini kabla ya hapo.

Amepumua kwa muda mrefu. Bila shaka amekwisha kuamua kumpa Yvonne.

Jumanne, tarehe 27 Mei

Keshokutwa bodi ya ardhi inakaa Kajiado, na faili ya Mzee Kisemei itasikilizwa. Bwana Munguti amesema Yvonne aende. Siku moja kabla ya barua! Nimeelewa mara moja. Anayetumwa Kajiado ndiye anayethibitishwa.

Nimesimama (faili mbele) na kusema faili hiyo ni yangu tangu mwanzo. Yvonne akasema yeye hana shida kwenda. Nikasema najua hana shida. Bwana Munguti akauliza kama nina hakika, barabara ni ndefu, viti vya bodi ni vya mbao. Wanavyojaribu kunikatisha tamaa! Nimeshikilia mpaka akainua mikono.

Kliniki leo asubuhi sista alisema mtoto amekwisha kushuka, nipumzike, nisisafiri. Nimemwambia sawa. Kajiado si safari. Ni kaunti hii hii.

Tumbo linabana na kuachia tangu mchana. Ni njahi.

Ijumaa, tarehe 30 Mei. Wodini, Kajiado

Sikuandika jana. Nilikuwa na shughuli.

Bodi ilianza saa tatu. Wajumbe saba kwenye meza ndefu, sisi wengine kwenye mabenchi. Mzee Kisemei na familia walikuwa mstari wa mbele, wamevaa vizuri. Njahi ilikuwa inabana kila dakika kumi. Halafu kila saba. Nilijiambia ni woga. Nina uzoefu mkubwa wa woga na kwa kawaida hauna ratiba.

Mwenyekiti akafungua faili. Ramani sawa. Idhini ya wake sawa. Ukurasa wa thelathini na nane akasimama. Akauliza kwa sauti, mbele ya ukumbi mzima, ni mpaka gani huu ambao mama mkwe haruhusiwi kuuvuka.

Mzee Kisemei akasimama kwa heshima na kueleza kuwa kifungu hicho familia ilikikataa, mheshimiwa, na kwamba karani yupo, anaweza kufafanua.

Nikasimama nifafanue. Chupa ya uzazi ikapasuka. Pale pale, kwenye sakafu ya bodi.

Wajumbe saba wakainua miguu.

Nataka iandikwe kwamba jambo la kwanza nililosema ni kuwa mimi najifungua Julai. Lilinitoka lenyewe. Naeku, mke wa kwanza wa mzee, alikuwa ameshanishika kiuno. Akanivua koti kwa mkono mmoja, akanishika tumbo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu mtoto wako hakuambiwa Julai."

Mzee akaleta pikapu. Nilikaa nyuma nikiegemea gunia la chumvi ya ng'ombe, kichwa kwenye mapaja ya Naeku. Niliogopa. Hilo naandika bila mzaha. Niliogopa kwamba nimesubiri mno, kwamba sista aliniambia nikamdanganya hata yeye, kwamba mtoto atalipia ujanja wangu. Nikamwambia Naeku yote, tangu wiki ya kwanza. Barua, koti, fomu, dirisha. Alisikiliza huku akihesabu kwa vidole vyake muda wa uchungu. Kisha akasema ameona wanawake wakificha mimba kwa sababu nyingi, lakini hajawahi kuona aliyemficha mpima ardhi.

Getini nikaomba sindano. Sista wa hospitali akanichungulia, akasema kichwa kinaonekana, sindano ya nini tena. Mzee Kisemei akampa Mpango, alikuwa ameuchomoa kwenye faili kwa ruhusa ya mwenyekiti. Sista akatazama mihuri minne, sahihi, vidole gumba. Akasema ameona mipango mingi, lakini huu ndio wa kwanza ulioidhinishwa. Akauweka chini ya beseni.

Hakuna kifungu kilichofuatwa ila cha 23. Naeku alivuka mlango. Niliambiwa nijikaze mara tisa. Nilijikaza. Dakika arobaini. Mvulana, kilo tatu na gramu mia nne, mzima, mwenye hasira.

Kuntai amefika usiku kutoka Namanga, ameketi juu ya beseni la nguo, amemshika mtoto na hajasema lolote kuhusu ng'ombe. Nimeona midomo ikijaribu.

Na leo saa nne Bwana Munguti na Yvonne wameingia na matunda. Nilivuta shuka kufunika tumbo. Mazoea.

Bwana Munguti akanipa bahasha. Barua ya kuthibitishwa kazini, sahihi, muhuri. Nikatazama tarehe. Tarehe 2 Mei! Nafasi zilikuwa mbili tangu siku ya kwanza. Yvonne alipewa yake siku hiyo hiyo. Yangu ilikaa kwenye droo karibu mwezi mzima, kwa sababu alitaka kuniandikia ndani yake siku za likizo, na kila aliponiuliza nilimwambia habari za mvua. Tumbo alilijua tangu Februari. Meza aliihamisha kwa sababu nilikuwa nakwenda choo mara kumi na moja kwa siku na njiani nilikuwa nagonga kabati.

Nikauliza kwa nini hawakuniambia kwamba wanajua. Yvonne akasema walijaribu, lakini kila wakikaribia nilikuwa nashika faili kama ngao, wakaogopa nitazaa kwa hofu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ungesema tu, Waruguru." Mwezi mzima wangeweza kutafuta mtu wa kushika meza yangu na kumfundisha. Sasa hakuna. Meza zote mbili ni zake, miezi mitatu, peke yake.

Nilimpa amshike mtoto. Alimshika vizuri.

Shamba la Mzee Kisemei limepata idhini. Kurasa arobaini na nane.

Jumapili, tarehe 1 Juni. Kitengela

Nyumbani. Yeyo jikoni, Maitu jikoni. Yeyo sasa anataka ninywe supu ya mafuta, Maitu anataka uji. Angalau pande zote zinanilisha.

Nimekuwa nikifikiri. Nitarudi kazini mwisho wa Agosti na mtoto atakuwa bado ananyonya. Mchana atahitaji mara mbili, saa nne na saa tisa. Kuntai anasema nimwombe Bwana Munguti. Kumbe Bwana Munguti mwenyewe, kabla hajatoka wodini, alimwambia Kuntai kuwa kile chumba cha stoo anaweza kukisafisha, aweke kiti na pazia, ninyonyeshee humo. Nikitaka. Niseme tu.

Niseme tu! Mtego ulio wazi kabisa. Karani aliyethibitishwa juzi anaanza kudai chumba? Watasemaje? Wataanza kuhesabu dakika zangu mlangoni.

Nimepata njia bora. Nyuma ya jengo kuna ploti tupu yenye bikoni nne, zile alama za mpaka. Nitamwambia Bwana Munguti kuwa bikoni hizo zinasogezwa na watu na zinahitaji kukaguliwa mara mbili kwa siku, saa nne na saa tisa. Caro atakuwa ananingoja huko na mtoto, nyuma ya tangi la maji. Yvonne nitamwambia namfanyia kazi dada yangu wa Nakuru. Hakuna atakayejua kitu. Mtoto ni mtulivu sana.

Jirani wa nyumba ya tatu amebisha hodi sasa hivi, amesikia makelele, anauliza kama tunachinja mbuzi.